Leseni Moja, Kompyuta Mbili

Igogo, Mwanza
9 Novemba 1997

Mwanangu Winnie,

Marahaba. Shikamoo yako niliipata kwa mdomo wa Mwalimu Bernadeta aliporudi kutoka semina huko Dar, pamoja na kitenge, na kitenge kiko kwa mshonaji tayari. Huku tu wazima. Mvua imeanza kwa nguvu ambazo hatujazizoea. Mfereji wa nyuma ya nyumba umekuwa mto, na ziwa limepanda hadi kwenye yale mawe tuliyokuwa tunaanikia nguo. Baba yako alikuja Jumamosi kutoka Kisesa, mguu wake umepoa. Analalamika kwamba unaniandikia mimi kuliko yeye. Nikamwambia ni kwa sababu mimi hujibu.

Sasa neno lililonikalisha mezani. Kompyuta yangu imechoka. Unaikumbuka, niliinunua waliponipunguza kazi ya uchapaji kule ushirika, na ndiyo imenilisha tangu hapo. Siku hizi nikiiwasha asubuhi nabandika chai, nakunywa, nafagia ukumbi, narudi, bado inajifikiria. Juzi shule moja ya sekondari ilileta mitihani ya kidato cha pili niwachapie, ikaganda katikati ya jiografia. Mwalimu aliyekuwa anasubiri barazani alikunywa uji wangu wote.

Fundi mmoja wa Mkuyuni ameitazama, akasema kuitibu ni kujisumbua. Ataniundia nyingine mpya yenye kasi. Nimekubali. Hii ya zamani nimemwahidi baba yako, maana ndiye katibu wa halmashauri ya parokia na amechoka kuandika mihutasari kwa mkono. Umeme umefika kwake mwaka huu. Ameshasafisha meza ya kuiwekea.

Swali langu ni hili. Ile Windows inayoiendesha kompyuta, uliyoninunulia wewe kwa mshahara wako wa kwanza, boksi lake ninalo kabatini, na diski zake na cheti chake. Je, naruhusiwa kuitumia hiyo hiyo kwenye kompyuta mpya? Au leseni yake inakwisha pamoja na kompyuta ya zamani? Wewe unauza vitu hivi kila siku, utajua. Fundi anasema tangu afungue duka hakuna mteja aliyewahi kumwuliza swali hilo. Alicheka, lakini si kicheko cha dharau.

Nakuombea afya na usingizi mzuri katika joto la huko.

Shangazi yako,
Suzana


Dar es Salaam
30 Novemba 1997

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua yako imenikuta na mafua ya mvua, nami nikaisoma nikiwa nimejifunika shuka kama mgonjwa kweli. Nimepona sasa. Kazini tuna shughuli nyingi, kila ofisi inataka kompyuta kabla ya mwaka mpya, na mwenye duka amenipa kaunta yangu mwenyewe. Mwambie Baba nitamwandikia. Mwambie na yeye ajibu.

Kuhusu Windows. Zipo za namna mbili. Zipo zinazouzwa pamoja na kompyuta, zimewekwa humo tangu mwanzo. Hizo kwa masharti yake zinabaki na kompyuta ile ile, na ikifa zinakufa nayo. Na zipo zinazouzwa peke yake ndani ya boksi. Yako ni ya boksi, niliinunua mimi kwa mkono wangu. Kwa hiyo ndiyo, unaruhusiwa kuihamishia kwenye kompyuta mpya bila kununua nyingine. Lakini leseni ni ya kompyuta moja kwa wakati mmoja. Ukishaiweka kwenye mpya, lazima uiondoe kwenye ya zamani. Haiwezi kukaa kote kuwili.

Maana yake kompyuta atakayopewa Baba itakuwa tupu. Itawaka, lakini haitafanya kitu mpaka anunue Windows yake. Pole kwa kukuharibia ahadi.

Ni fundi gani huyo wa Mkuyuni? Wapo mafundi wengi pale, na si wote wanaofaa. Nieleze ni fundi gani.

Mwanao,
Winnie


Igogo, Mwanza
21 Desemba 1997

Mwanangu Winnie,

Pole na mafua. Kunywa tangawizi, usinywe dawa za dukani kama peremende. Krismasi imekaribia na mvua haijali. Barabara ya Kisesa ilifunikwa na maji kwa siku kadhaa, baba yako akabaki huko na ng'ombe wake wakitazamana. Pamba ya jirani yake imelala chini yote. Mungu atusaidie.

Umeuliza fundi ni nani, ukauliza tena kabla wino haujakauka. Ni Cleophace.

Najua uliniomba jina hilo lisitajwe nyumbani kwangu. Sijalitaja nyumbani, nimelitaja kwenye karatasi. Wewe ulikaa kwangu tangu kidato cha kwanza. Kijana huyu alikuja hapa na wajomba zake kutoka Bukoba, wakaketi kwenye makochi yangu, wakala samaki wangu, tukaelewana. Kisha siku moja ukaniambia posa haiko tena na unakwenda Dar kufanya kazi. Sikukuuliza. Ulikuwa mtu mzima. Lakini kompyuta ilipoganda, nilimtafuta fundi mzuri, na Mkuyuni nzima walinielekeza mlango mmoja. Ningefanyaje?

Nimemsomea sehemu ya barua yako inayohusu leseni, hiyo tu. Alinisikiliza akiwa na bisibisi mdomoni. Akasema, "Mama, amesema kweli kuhusu karatasi. Lakini diski ni ile ile. Naiweka kwenye mpya, naiacha na kwenye hii ya zamani ya mzee Nestory. Kila mtu anafanya hivyo. Nani anaumia?"

Sikumjibu. Nilimwambia asiguse kitu mpaka niandikiane na wewe.

Anakusalimia.

Shangazi yako,
Suzana


Dar es Salaam
11 Januari 1998

Shangazi, shikamoo.

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa wote. Sijui barua hii itakufikia lini. Wanasema reli imesombwa huko kati na treni hazipiti, na mabasi nayo yamekwama kwenye matope. Naituma hata hivyo. Mimi ni mzima.

Kuhusu kompyuta: fanya kama masharti yalivyoandikwa. Iwekwe kwenye mpya, ifutwe kwenye ya zamani. Asikushawishi. Nitamweleza Baba mwenyewe asikulaumu.

Sina mengi.

Mwanao,
Winnie


Igogo, Mwanza
22 Februari 1998

Mwanangu Winnie,

Tangu nikuandikie kabla ya Krismasi sijapata neno. Nimeambiwa reli imekatika na mifuko ya barua imelala njiani, kwa hiyo sina hasira, nina wasiwasi tu. Hii nampa kijana wa Mama Hellen anayesafiri kwa ndege, amepelekwa na ofisi yake. Ukiipata, jua kwamba sisi ni wazima. Jirani ukuta wake umeanguka, wetu umesimama. Ndama wa baba yako amekufa kwa baridi, lakini ng'ombe mwenyewe yupo.

Nataka nikueleze jambo lililotokea, na nimekaa nalo wiki nzima kabla ya kukuandikia.

Nilikwenda Mkuyuni kuuliza kompyuta yangu imefikia wapi. Nilikuta Cleophace ameinamia meza, mgongo kwangu, na redio kaseti inaimba. Nikasimama mlangoni. Winnie, ilikuwa ni mimi. Ni ile kanda yetu, mimi na wenzangu wawili, nyimbo za Kisukuma za palizi ya pamba tulizorekodi kabla wewe hujaja kukaa kwangu. Umechakaa ule mkanda, sauti inayumba kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Lakini mtu hasahau koo lake.

Wewe unajua habari yake. Tulirekodi, tukapewa kanda chache za kugawia ndugu, na baada ya hapo kila mwenye mashine mbili na waya alikuwa anatoa zake. Nilizikuta stendi, nilizikuta kwenye baa, nilijisikia kwenye harusi ambazo sikualikwa. Mwishowe niliacha kuimba, nikaacha na kulizungumza, nikawakataza na nyinyi.

Nikaingia, nikamwuliza, "Hiyo kanda umeipata wapi?"

"Ya zamani hiyo, mama. Niliinunua stendi nikiwa sekondari. Mimi Mhaya, nusu ya maneno siyaelewi, lakini huyu mama akianza wimbo wa pili lazima nisimamishe kazi."

"Unamjua anayeimba?"

"Haikuandikwa jina. Wanasema alikuwa mtu wa Shinyanga, alishafariki."

"Hajafariki," nikamwambia. "Amekuja kuulizia kompyuta yake."

Alicheka, akadhani namtania. Basi nikaimba ubeti unaofuata kabla kanda haijaufikia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Sauti yangu imeshuka, na pumzi siyo ile, lakini kanda ilipofika pale ilinikuta naimba, tukaenda pamoja, mimi na yule msichana wa zamani, mpaka mwisho wa ubeti. Mwenye duka la vitasa upande wa pili alitoka nje kutazama.

Cleophace aliizima redio. Akatafuta kiti, akanikalisha mimi na yeye akabaki amesimama.

"Mama," akasema, "mbona hukuwahi kusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe uliniuliza siku ile nani anaumia. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu lililo tayari. Sasa umelisikia kwenye redio yako mwenyewe."

Nitakuwa mkweli kwako, Winnie. Niliposikia kwamba wimbo wangu unasimamisha kazi ya mtu, nilifurahi pia. Nilikuwa nimekasirika na nimefurahi kwa wakati mmoja, na nilitembea kurudi Igogo kwa miguu kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

Kesho yake alikuja hapa na ile kanda ameifunga kwenye gazeti, anataka kunirudishia. Nikamwambia aendelee nayo, ila asimtolee mtu nyingine.

Bado nasubiri neno lako kuhusu leseni. Cleophace hajagusa kitu. Anakusalimia.

Shangazi yako,
Suzana


Dar es Salaam
29 Machi 1998

Shangazi yangu, shikamoo.

Yule kijana, ambaye safari yake ilicheleweshwa, alifika dukani kwetu na barua yako juzi mchana, kaunta ikiwa imejaa watu. Nilidhani nitaisoma mistari miwili tu nijue mko wazima. Mteja mmoja alinigongea meza kwa kalamu yake mpaka akachoka.

Naona barua yangu ya Januari bado haijakufikia. Ikifika utaona ni fupi na haina adabu ya kutosha. Unisamehe. Nilipoona jina lile sikuwa na maneno mengine.

Sasa nitakueleza, maana hata wewe umenieleza.

Cleophace alitaka tufungue lile duka pamoja. Alikuwa ameshachora kibao, herufi ya jina lake na ya langu. Alisema yeye atashika vyuma na mimi nitashika programu na wateja. Nikamwuliza hizo programu tutazipata wapi, akanionyesha sanduku la diski alizonakilisha kwa mtu Nairobi. Alikuwa anafurahi, Shangazi, hakuona tatizo lolote. Nikamwambia sitaki jina langu kwenye kibao cha duka linalouza vya watu. Akaniambia maneno yale yale uliyoyasikia: nani anaumia? Wenyewe wako mbali, matajiri, hata hawajui kama Mkuyuni ipo.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Jibu lilikuwa ni wewe. Nilitaka nimwambie juu ya siku ile tulipokuwa tunatoka kununua viatu vyangu vya shule, redio ya kibanda fulani ikaanza wimbo wenu, na wewe ukanishika mkono ukaniongoza upande wa pili wa barabara bila kusema neno. Nilikuwa mtoto lakini niliona uso wako. Lakini ulitukataza kulitoa nje ya nyumba, nami nilikuahidi. Nikanyamaza. Yeye akaona sina hoja. Tuligombana siku kadhaa juu ya jambo ambalo nusu yake haikuweza kusemwa. Kazi ya Dar ilipojitokeza nikaichukua, na nadhani mpaka leo anaamini nilimwacha kwa ajili ya Dar.

Haya. Hayo yamekwisha, nimekuandikia ili ujue tu.

Kuhusu Windows jibu langu halijabadilika. Hamisha, kisha futa. Namba ndefu iliyo kwenye cheti ataulizwa wakati wa kuiweka, mwambie aiandike kwa makini, hasa pale sifuri inapofanana na herufi.

Mwanao,
Winnie


Igogo, Mwanza
3 Mei 1998

Mwanangu Winnie,

Barua zako zilifika zote mbili wiki moja, ile ya Januari ikiwa na ramani ya maji juu ya bahasha. Nilizisoma kwa mfuatano wake. Ile fupi haikunikera. Ile ndefu niliisoma, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, nikatoka nje kumwagilia mchicha ambao haukuhitaji maji kwa mvua hii.

Ningejua, ningekuruhusu. Kukataza kule kulikuwa kwa ajili ya watu wa nje wasinionee huruma. Sikujua kama kulikuwa kunakufunga mdomo mahali kama pale. Sijamwambia Cleophace uliyoniandikia. Ni maneno yako hayo, utayapeleka ukitaka.

Ile kompyuta mpya imekuja. Cleophace aliileta mwenyewe, akaipanga juu ya meza, akaomba boksi. Nikalitoa kabatini. Aliweka diski, ikauliza namba, mimi nikasoma cheti kwa sauti naye akaandika. Pale kwenye sifuri nilimwambia asimame, tukaitazama chini ya taa. Ikakubali. Sasa nikiiwasha, maji ya chai hayajapata hata moto. Mitihani ya muhula huu niliimaliza na kuwapelekea kabla hawajaja kuulizia. Walidhani nimekosea tarehe.

Kisha akageukia ile ya zamani. Kazi zangu zote alikuwa ameshazihamisha. Akaniuliza, "Mama, una hakika? Nikiifuta hairudi, na mzee anaisubiri."

"Futa," nikasema.

Akafuta. Kilibaki kioo cheusi na maneno machache meupe ya Kiingereza, inauliza iko wapi programu yake. Sikutegemea, lakini niliionea huruma kidogo.

Baba yako alikuja kuichukua na gari la parokia. Nilimweleza kila kitu, akaitikia kila neno kama mwanafunzi, akaondoka nayo. Siku ya tatu akarudi.

"Suzana, umenipa redio isiyo na stesheni."

"Nilikwambia."

"Uliniambia, lakini nilifikiri unasema kwa adabu, kwamba ni ya zamani. Halmashauri nzima ilikuja kuitazama. Padri alikuwepo! Tumeiwasha, imeandika sentensi moja ya kulalamika, basi."

Nikamweleza tena, safari hii kwa Kisukuma. Alikaa akanywa maziwa. Akauliza kama lile duka la Mkuyuni si wanaweka bure. Nikamwambia wanaweka. Akauliza mbona basi sikuwaacha. Nikamwambia ni kwa sababu ya kanda yetu. Yeye ndiye aliyetupeleka kurekodi kwa gari la kukodi, anakumbuka. Hakuuliza tena. Alimaliza maziwa akasema, "Basi nitasubiri mpaka nipate yangu." Sasa mama yako ameitandikia kitambaa cha kufuma na kuweka maua juu yake, na mihutasari bado inaandikwa kwa mkono.

Kuhusu huyo unayesema yamekwisha. Nilimwuliza kama sasa ameacha kunakili. Sikuuliza kwa ajili yako, niliuliza kwa ajili yangu. Akanijibu, "Sitakudanganya, mama. Sijaacha. Nikikataa, mteja anavuka barabara anawekewa pale pale. Lakini siku hizi namweleza kwanza, halafu achague mwenyewe. Wengi wananicheka kama nilivyokucheka wewe." Nikaona ni afadhali jibu hilo kuliko lile ningependa kulisikia.

Anakusalimia. Naona salamu zake hujibu. Mimi ni mpelekaji tu.

Shangazi yako,
Suzana


Dar es Salaam
12 Julai 1998

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Afya yangu ni njema. Mvua zimetuacha na mbu, lakini jioni kuna upepo. Nimehamia chumba kingine Magomeni, kina dirisha kubwa, na mama mwenye nyumba ni mtu wa Sengerema, kwa hiyo mara moja moja nakula sato kama nyumbani. Nilimwandikia Baba nikamwambia avumilie, nilikuwa napanga kumnunulia mimi hiyo Windows mwisho wa mwaka.

Lakini sikiliza kilichotokea.

Jumatano asubuhi mashine ya faksi ilianza kutoa karatasi. Maagizo ya mikoani huja hivyo, na ni kazi yangu kuyapokea. Nikaichukua bila kuitazama, nikaanza kuandika ankara. Mteja: duka la kompyuta, Mkuyuni, Mwanza. Bidhaa: Windows, ya boksi, moja. Chini aliandika kwa mkono, mwandiko ambao ningeujua hata gizani: "Iandikishwe kwa jina la Bw. Nestory Maige, Kisesa. Malipo yamekwisha kutumwa benki. Tafadhali cheti kisikunjwe."

Hakuandika kingine. Hakuniulizia. Wala hakuandika salamu, Shangazi, yeye ambaye salamu zake zimesafiri kwa kila barua yako. Anajua kabisa nafanya kazi hapa. Angeweza kuagiza kwingine.

Niliishika ile karatasi. Mwenye duka akaniuliza kama kuna kosa kwenye agizo. Nikamwambia hapana, liko sawa. Akaniuliza mbona nimesimama katikati ya njia.

Wewe ulimwambia afanye hivi? Nilijiuliza hilo siku mbili. Kisha nikakumbuka kwamba ungekuwa umemwambia, usingeweza kuficha, ungeniandikia. Na Baba hawezi kumwomba mtu kitu. Kwa hiyo ni yeye mwenyewe.

Kwa kawaida mzigo kama huu tunaupa basi. Nimeutoa kwenye rundo la mizigo nikauweka chini ya kaunta yangu. Reli imetengenezwa na treni zinakwenda tena. Nimeomba likizo na nimepewa. Nitaondoka na treni ya Jumapili tarehe 2 Agosti, na boksi la Baba nitalibeba mwenyewe ili cheti kisikunjwe.

Sijui nitamwambia nini. Labda nitaanza na lile jibu nililomnyima. Labda nitamkabidhi ankara asaini, tutazame itakavyokuwa. Usinipangie, tafadhali, na usiwaite wajomba wa mtu. Na tena, nakuomba kwa magoti, usimwambie kwamba nakuja. Nataka nifike kwanza, nioge, nilale, kisha nione.

Salamu zake zote ulizoniletea tangu Desemba nimezipokea.

Mwanao,
Winnie


Igogo, Mwanza
26 Julai 1998

Mwanangu Winnie,

Hii nampa dereva wa basi akupe mkononi kabla hujapanda treni. Njoo na sweta, Tabora kuna baridi alfajiri. Baba yako ameambiwa, ameondoa yale maua juu ya kompyuta na mama yako ameyarudisha, watakungoja uamue.

Sasa usikasirike. Barua yako niliichukua posta, na njia ya kurudi inapita Mkuyuni. Nilikuwa nimekwenda kununua wino wa printa kwa Cleophace, na alikuwa anamhudumia mtu, basi nikakaa kwenye kiti nikaifungua. Sikumwambia kitu, nakuapia. Lakini nilipofika kwenye tarehe nilisema "Eeh!" kwa nguvu, na yeye akageuka, akaitazama bahasha, akautazama uso wangu. Unajua uso wangu.

Hakuuliza. Alinipa wino, akanirudishia chenji, akamwambia yule mteja arudi kesho. Akaanza kufunga duka, jua likiwa bado utosini.

Nikamwuliza anakwenda wapi.

"Kunyoa, mama."

Nikamwona mnyonge, nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Lakini treni inatoka Dar wiki ijayo."

"Sawa, mama," akasema, anahangaika na kufuli. "Nataka nywele zikae vizuri kwanza."

Shangazi yako anayekungoja,
Suzana